Karavani Imerudi na Watu Wanne

Nje ya duka la Philister, hapa Burnsville, Minnesota, kuna benchi la mbao ambalo mwenye plaza amesahau kuling'oa. Jumamosi asubuhi hukutana hapo wanaotoka shifti na wanaojiandaa kuingia, na Philister hututolea chupa ya kahawa ya tangawizi bila kuuliza. Wa kudumu ni watatu. Maurice, Mkenya, tunamwita Daktari kwa sababu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Gilbert wa Bukavu, dereva wa lori, ni Ramani. Mimi Mtanzania wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Siku hiyo mpira haukutajwa. Mwenzetu Bagalwa, Mkongo kama Ramani, alikuwa amerudi na familia yake kutoka safari ya karavani, lile gari lenye vitanda ndani, kwenye mbuga za mbali huko magharibi. Walitoka watano, wamerudi wanne. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi, kama wajukuu zake, amebaki huko, na hakuna ajuaye wapi.

— Hiyo ni akili, alisema Daktari. Nime-work na wazee miaka nane, bana. Ukimtoa mzee kwa kitanda amezoea, anaamka, anafungua mlango, anaenda tu. Sisi kazini tunawawekea kengele.

— Koko akili yake ilikuwa nzima, Ramani akamkatiza. Mimi ile barabara naijua, nimepitaka na lori. Kuna wafugaji wanakaa peke yao kabisa. Wamemuokota, vraiment, kweli. Anakula vizuri, ila hana lugha ya kuwaambia yeye ni nani.

— Wiki mbili, na hawajapigia polisi? Daktari aliuliza.

— Hawana network.

— Au dubu, nilisema, nikajuta papo hapo.

— Dubu angeacha kitu, alisema Ramani. Kuna gari ilipita, Mwalimu. Watu wanaibwa siku hizi. Wanatolewa figo.

— Figo za mama wa miaka sabini na sita?

— Basi amefika Mexico, alisema Ramani. Musicheke. Yule mama wakati wa vita alikimbia askari kwa miguu mpaka Burundi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

— Huyo wa mkononi ndiye mimi.

Tuligeuka. Bagalwa alikuwa amesimama nyuma yetu, na hatukujua ameanza kusikia wapi. Tukasogea akakaa. Ramani alimmiminia kahawa.

— Hakupotea, alisema Bagalwa. Alikimbia.

 Akaendelea mwenyewe.

Miaka kumi na moja Minnesota, alisema, hawajawahi kula pamoja wiki nzima. Yeye ghalani kule mji wa Savage, mkewe Pascasie kwenye kazi mbili, Koko dirishani kutwa. Héritière, binti yake wa miaka kumi na tano, anasikia Kiswahili vizuri ila anajibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana akaomba likizo, akakodi karavani. Alitaka wakae mahali ambapo simu hazishiki, wasemezane.

— Na ilikuwa inakubali, alisema. Koko aliwacheka nyati mpaka akashika mbavu. Mtoto wangu akaanza kumjibu Kiswahili. Koko, kunywa maji. Koko, njoo uone. Nilikuwa naendesha huku nalia, Pascasie akafikiri ni vumbi.

Mbuga ya tatu ilikuwa mawe matupu na vichaka, saa nzima na nusu kutoka kwenye lami. Jioni wakaja askari wawili wa hifadhi kukagua kibali. Sare, buti, bastola kiunoni. Walikuwa watu wazuri, walimpa mtoto wake mdogo, Ntwali, kibandiko cha nyati. Walipoondoka, Koko akamuuliza Héritière: Hawa watarudi?

— Mtoto akamjibu vizuri kabisa. Akamwambia, ndiyo Koko, watarudi kesho asubuhi.

Daktari aliweka kikombe chini.

— Tulipoamka kumekucha, kitanda chake kimetandikwa. Amechukua sufuria ndogo, mkate, na blanketi ya Ntwali. Amefunga yote na kitenge. Mimi ile namna ya kufunga naijua, ni ile ya kukimbilia Burundi.

— Nyayo? Ramani aliuliza polepole.

— Hazikufuata barabara. Zilishuka kwenye mawe. Walileta mbwa, helikopta, vipaza sauti. Siku tisa wanamwita. Niliwaambia, kadiri mnavyomwita ndivyo atakavyozidi kujificha. Niliwaomba wavue sare. Waliniangalia kama mtu aliyepagawa. Wakapata kandambili moja kwenye mto mkavu. Jumatano wamenipigia, wamesimamisha msako.

— Na Héritière?

— Haongei. Kiswahili hapana, Kiingereza hapana. Anakaa kwenye kiti cha Koko.

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto hana kosa. Nilifikiri hata na sentensi yenyewe. Kisha nikaona kwamba yeye amekwisha kumwambia binti yake hivyo mara nyingi, na haijasaidia.

Magari yalipita kuelekea barabara kuu. Ndipo akaja msichana mwenye daftari, akitabasamu. Alikuwa Chepkemoi, karani mpya wa kanisa, hajatufahamu bado.

— Hamjambo, wazee? Nachukua majina ya maombi ya kesho. Nimeambiwa kuna mama wa familia ya Bagalwa. Nimwandike wapi, kwa wanaotafutwa ama kwa marehemu?

Alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

 Ramani, mwenye jibu la kila kitu kuanzia hapa mpaka Mexico, alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. Bagalwa alifumbua mdomo. Tulimtazama wote. Akaufunga.

Chepkemoi alituangalia mmoja mmoja, kisha tabasamu likamtoka. Hakuandika kitu. Aliketi ncha ya benchi, pembeni ya Bagalwa, daftari limefungwa magotini, akatazama na yeye kule tulikogeuza macho sote, kwenye maegesho matupu.