Mwalimu Ayoub Mcha Shamsi, Aliyefundisha Wasichana Kutua

Marehemu Ayoub Mcha Shamsi alizaliwa Makunduchi tarehe 9 Machi 1957. Alisoma huko huko, kisha akaja mjini kusomea ualimu. Mwaka 1979, katika mechi ya soka, akiugombea mpira wa kichwa, alitua kwa mguu mmoja ulionyooka kama mti. Hakuguswa na mtu, lakini kano ya goti ilikatika, na uchezaji ukaishia hapo.

Alifundisha michezo Bububu na Jang'ombe hadi alipostaafu mwaka 2017. Katika mpira wa pete aliona wasichana wakitua magoti yamegusana, kwani nyumbani wameambiwa tangu utotoni mtoto wa kike habandui magoti. Goti likiingia ndani huku mwili wote unalishukia, kano haihimili. Akawafunza kutua kwa miguu miwili, magoti yakunjike na yaelekee vidole. Bi Mwanamwema, mama wa mchezaji mmoja, alimfuata uwanjani amefura.

"Mwalimu, ndiyo unamfunza mwanangu kutanua magoti? Haya imekwenda wapi?"

"Adabu ataikuta nyumbani, Bi Mwanamwema. Mie hapa nnamlindia miguu ya uzeeni."

Bibi alicheka, na tangu siku ile akawa ndiye anayewakemea wachezaji wanaotua vibaya kuliko mwalimu.

Mwaka 1986 alimuoa Bi Rukaiya Wakil wa Kiembe Samaki. Walikaa sana bila mtoto, ndipo wakajaaliwa Badria. Lakini mganga hajigangi. Mwezi wa Februari 2023 Badria, naye mchezaji wa mpira wa pete, alifika uwanjani amechelewa, katokea harusini, akaingia kucheza bila kupasha mwili moto, na kano ikakatika. Alipasuliwa, akawa anasali juu ya kiti. Marehemu hakustahimili kumwona pale kitini; akitoka nje akalia. Kila asubuhi alimsimamia mazoezi: kuchuchumaa kidogo kidogo, kusimama kwa mguu mmoja.

Mwaka uliofuata figo zilimlaza kitandani. Dua yake ilikuwa moja tu, asife kabla ya kumwona mwanawe anasujudu.

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, alasiri, Badria alitandika msala kando ya kitanda. Alirukuu, akapiga magoti, akasujudu, akainuka bila kushika kitu. Alipotoa salamu, baba yake alimwita.

"Limekuuma?"

"Halikuniuma, baba."

"Alhamdulillahi. Basi nshapumua."

Alifariki kabla ya magharibi, na maumivu yake yakakoma.

Marehemu ameacha mjane wake Bi Rukaiya, mtoto wake Badria, na nduguze wawili, Mkubwa na Maryam. Msiba ni msiba, na tunalia. Lakini nyoyo zetu zimetua: amekwenda ameridhika, na mwanawe anamwombea paji la uso likiwa chini. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.