Shadlia Wertani na Miti Isiyochafua Ua

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Shadlia Wertani anastaafu baada ya kukitumikia Kitalu cha Rihan, hapa Sukra, kwa miaka thelathini na minane. Mimi nilikuwa mkuu wake kwa miaka ishirini na mmoja ya mwanzo, na mhariri wa jarida letu amenipa ukurasa mzima. Nitamsifu mpaka karatasi iishe. Ila siku hiyohiyo faili lake litafungwa na kupelekwa stoo, na ndani yake imo barua moja ya onyo. Barua hiyo ni ya uongo na lazima itoke kabla faili halijafungwa. Nitaifikia. Kwanza tufurahi.

Aliajiriwa mwaka 1986 kumwagilia miche. Baada ya wiki tatu alikuwa anawagombeza wateja. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye gari jeupe jipya kutoka Marsa, anataka mjakaranda wa kupanda kando ya maegesho yake.

“Bwana,” Shadlia akamwuliza, “unataka mti au unataka ajira ya kufagia?”

“Nataka maua, binti yangu. Zambarau!”

“Zambarau utaipata. Juu ya gari, chini ya gari, na kwenye kofia yako ukienda msikitini.”

Yule bwana alicheka hadi akakaa juu ya gunia la mbolea. Aliondoka na haibiskasi mbili, mti ambao ua lake hujikunja kama mwavuli kabla ya kuanguka, nawe unaliokota kwa vidole viwili. Siku hiyo nilimhamishia Shadlia kwenye meza ya ushauri. Ni uamuzi bora niliowahi kufanya, na nawaambia hivyo mkijua kuwa uamuzi mbaya unakuja.

Njia yake ya kazi mnaijua. Kila mti wa maua uliofika kitaluni ulitandikiwa shuka nyeupe wiki nzima ukiwa umechanua kabisa. Shuka hazikutosha, akaleta za kwake. Mumewe, marehemu Bwana Bashiri, alilalamika kwangu mbele ya watu: “Mkuu, mimi nalala kwenye godoro tupu, mizeituni yako imelala kwenye pamba!” Kilichoanguka kwenye shuka Shadlia alikilowesha na kukisugua kwenye kigae. Kikiacha doa, mti unakwenda kupandwa barabarani. Kisipoacha, unafaa uani. Hakujali sifa za kwenye kitabu. Kwake, miti miwili yenye uzuri sawa ilitofautiana kwa ufagio tu.

Mteja naye alihojiwa kama anayeomba mchumba. Nguo unaanika wapi? Bomba la maji machafu linapita wapi? Una wajukuu wanaotia kila kitu mdomoni? Basi oliander, mti wenye sumu, sahau. Na swali la mwisho, ambalo hakulisahau hata mara moja: Agosti mnaanika kuskusi upande gani?

Hapo ndipo ninapoifikia ile barua.

Februari 1998 alikuja Hajati Mannubia, jirani yetu, ambaye kila Agosti hukaa uani na wakaza wanawe wanne wakiviringisha unga wa ngano kuwa chembe za kuskusi ya mwaka mzima na kuzianika. Alitaka mti wa maua usiodondosha hata unyoya. Shadlia akamchagulia mkomamanga wa maua, ule wenye maua mekundu mazito kama waridi, usiozaa, wenye majani madogo yanayoondoka kwa pumzi moja ya ufagio. Chaguo halikuwa na kasoro.

Lakini wiki ile mvua ilikuwa imefuta vibandiko vyote. Miche ilikuwa fimbo tupu, imefungwa magunia. Utaratibu ulitaka nimwite Shadlia tuitambue pamoja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira, nikaandika vibandiko peke yangu, kwa kukisia. Hajati akapelekewa mti wa hariri.

Mti wa hariri huchanua Agosti. Maua yake ni nyuzi laini za rangi ya waridi zenye utamu, na upepo ukija hutembea. Agosti ya mwaka 2000, mti ulipochanua mara ya kwanza, zilitembea hadi kwenye kilo arobaini za kuskusi mbichi, zikanata, na nyuki wakazifuata. Hajati aliingia ofisini kwangu na sinia kichwani.

“Haya Tayebu, kula! Kuskusi yenye ndevu! Mume wangu hana ndevu, kuskusi yangu inazo!”

Kitalu kizima kililia kwa kicheko. Nami nilicheka. Kisha akauliza nani alimshauri, nikajibu haraka kuliko inavyofaa: “Shadlia.”

Shadlia alisema neno moja tu: “Mimi nilimpa mkomamanga.” Nikaandika onyo kwamba alishauri mti usiofaa, nikatia sahihi. Nilijua ukweli tangu Aprili 1998, pale mche mmoja ulipotoa majani ya mkomamanga katikati ya safu ya miti ya hariri. Niliung’oa nikaupanda nyumbani kwangu. Unachanua mlangoni hadi leo, na majirani hunipongeza kwa kuchagua vizuri.

Nilipostaafu mwaka 2007, kamati ilimtaka Shadlia awe mkuu wa kitalu. Ikafungua faili, ikasoma barua, ikamchagua mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kikao kile. Nilikunywa chai yangu.

Daktari ameniambia nisipange mambo ya mavuno ya zeituni ya Novemba, huenda nisiyafikie, kwa hiyo napanga ya Ijumaa. Ukuu siwezi kukurudishia, Shadlia. Naomba meneja aitoe barua ile mbele ya wageni wote, Hajati Mannubia akiwa mstari wa mbele, auweke ukurasa huu mahali pake. Mkosaji ni mimi. Shadlia Wertani hakuwahi kukosea mti, na nyua nyingi safi za Sukra ni kazi ya mikono yake.

Nimemwuliza mhariri wetu: Shadlia atafanya nini kuanzia Jumamosi? Ameniambia kuwa Shadlia ameshachimba shimo mbele ya mlango wake na anapanda mjakaranda. Alipoulizwa sababu, alijibu: “Miaka yote hii nimewachagulia watu usafi. Mimi sasa nataka kuchafuliwa!”

Asante, Shadlia, kwa kila ua uliouokoa. Panda mjakaranda wako, uote haraka, umwage zambarau mpaka kizingiti kisionekane, na asitokee mtu wa kukuonyesha ufagio.

Tayebu Zarruki
Mkuu wa Kitalu, 1986–2007