Wiki Kumi na Nne za Mganga Balbina Wendelin Mponji

Tumsifu Yesu Kristo. Marehemu hakupenda maneno mengi, lakini leo atatuvumilia. Kuna maneno yameandikwa juu yake ambayo familia haikubali yafukiwe pamoja naye bila kujibiwa.

Balbina Wendelin Mponji alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, kijijini Kiberege, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Wendelin Mponji na Mama Serafina, tuliye naye hapa. Wazee wake walitoka upande wa Mahenge, wakafuata mpunga bondeni. Akiwa na miaka minane alikuwa zamu ya kuamia ndege shambani, mvua ikashuka ya kutisha. Watoto wa mashamba ya jirani wote walikimbilia nyumbani. Yeye akabaki juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, ametota chapachapa, meno yanagongana. Mama alipomfuata na kumuuliza ana akili gani, alijibu, "Dada hajaja kunipokea." Mama Serafina alimchapa, kisha akampa uji wa moto. Kiboko hakikusaidia kitu, kama mtakavyosikia.

Alisoma Kiberege tangu 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Mwaka 1969 alichaguliwa kwenda kusomea uganga msaidizi wa vijijini, msichana pekee kati ya wavulana kumi na tisa. Wapo waliocheka. Mwaka 1971 alimaliza akiwa wa pili darasani, na waliocheka tunawaachia wenyewe hesabu yao.

Alianza kazi katika zahanati ya Sanje, Januari 1972. Ni hapo alipompata mwenzake, au tuseme mwenzake alipompata. Mwalimu Donati alikuja zahanati akilalamika jino. Baada ya wiki akarudi na jino jingine. Alipokuja mara ya tatu, Balbina aliweka chini koleo akamwambia, "Mwalimu, na haya meno yakiisha utakuja na nini?" Mwalimu akasema, "Nitakuja na wazee." Alikuja nao kweli. Walifunga ndoa Ifakara, Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1975, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 1981 alihamishiwa Masagati. Alihudumu kule miaka kumi na mitatu, akizalisha akina mama ambao leo mabinti zao nao ni mama. Juni 1994 alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, familia ikajenga Kibaoni, na Agosti 1995 akaajiriwa na kampuni ya mbao yenye kambi msituni, mbele kabisa ya Masagati. Mkataba ulikuwa wazi: wiki sita kambini, wiki mbili nyumbani, na mganga mwingine ampokee zamu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mabanzi, chenye kitanda kimoja na maji ya kijito. Wakata miti mia na kumi walimwita Mama Dokta.

Alipotoka likizo ya kwanza, Septemba mwaka huohuo, aliahidiwa kwamba mpokezi yuko njiani. Njiani wapi? Mpokezi alichelewa siku nne. Siku ya pili gogo lilimpitia Obed, mkata miti wa Sanje, akavuja damu mpaka mwisho huku wenzake wakimfunga kwa mashati. Balbina aliporudi alikuta kaburi nyuma ya kinu cha mbao. Hakufungua hata begi. Alitoa shuka jeupe kwenye kile kitanda kimoja, akalifunga kwenye mwanzi mrefu, akausimika mbele ya mlango, akawaita wakata miti wote. "Likiwa juu, mganga yupo. Likiwa chini, msumeno usiwake. Na mimi sitoki hapa mpaka anipokee mtu, atie sahihi kwenye daftari la zamu."

Meneja alikasirika. "Mama, hii ni kambi ya mbao, siyo hospitali."

"Najua, bosi. Mbao zitakusubiri. Damu haisubiri."

Tangu siku hiyo hakuna aliyewasha msumeno kambini pale kabla ya kutazama juu. Miaka miwili na zaidi hatukusikia kaburi jingine. Kila alipotoka, Mwalimu Donati alimpokea stesheni ya Ifakara na baiskeli, naye alishuka kwenye treni akiuliza habari za mpunga kabla ya habari za mume.

Lakini waungwana wa ofisini nao walikuwa wanajifunza. Waligundua kwamba mganga asiyetoka bila mpokezi hahitaji kuletewa mpokezi. Shuka liko juu, kazi inaendelea, wasiwasi wa nini? Balbina mwenyewe hakuliona tundu hilo wakati anatunga sheria yake. Alikuwa amewafungia wenzake mlango wa hatari, akajifungia na yeye ndani.

Aliingia kambini mara ya mwisho Jumatatu, tarehe 12 Januari 1998. Zamu yake iliisha tarehe 23 Februari. Hakuja mtu. Aliambiwa ni mvua za El Nino, daraja limekwenda. Daraja gani hilo, ambalo magogo yalilivuka kila wiki na mganga akashindwa? Kila Jumatatu aliandika kwenye daftari maneno mawili, "Mpokezi hajafika." Seni, mkata miti wa Kisukuma aliyemheshimu kama mama yake mzazi, alimsihi: "Mama, lishushe uende. Sisi tutakaa." Akamjibu, "Mtakaa mkila nini, mwanangu? Ngoja wiki hii." Wiki ikazaa wiki.

Homa ilimshika tarehe 17 Aprili. Akajitibu, akaendelea kutibu. Jumatatu tarehe 20 alikuwa anavuta dawa ya sindano, akaona mistari ya bomba imekuwa miwili miwili. Aliiweka chini. Aliandika "Mpokezi hajafika" kwa mara ya tisa, akamshika Seni mkono, akatembea hadi kwenye mwanzi na kulishusha shuka mwenyewe. Misumeno ikanyamaza mmoja mmoja mpaka msitu wote ukawa kimya. Meneja akaja mbio. "Nani kashusha? Mganga si huyu hapa?"

"Aliyepo hapa ni mgonjwa," alisema Balbina. "Mganga hayupo."

Meneja aliamuru shuka lipandishwe. Watu mia na kumi walimtazama, hakuna aliyenyanyua mkono. Na tazameni maajabu: lori lililokosekana wiki nane lilipatikana kesho yake asubuhi, tena likiwa na mganga Steven ndani. Maji yalikuwa yanapanda, dereva akapiga kelele, wakabadilishana juu kwa juu bila makabidhiano. Balbina aliondoka amelikumbatia daftari, mstari wa sahihi ukiwa mtupu.

Alifikishwa Ifakara kwa treni Jumatano, malaria imeshapanda kichwani. Madaktari na wauguzi walipambana, Mungu awabariki. Alizinduka mara moja, akamuuliza bintiye Edna, "Ametia sahihi?" Alhamisi, tarehe 23 Aprili 1998, saa tatu asubuhi, alituacha, akiwa na miaka arobaini na saba.

Kampuni imeleta shada na barua, ikaomba barua isomwe. Inasema marehemu "alijitolea kuendelea kubaki kambini." Tumeisoma nyumbani, inatosha. Balbina hakujitolea. Balbina aliachwa. Yameandikwa mara tisa kwa mkono wake, na mwenye kubisha daftari lile pale, juu ya jeneza, juu ya lile shuka. Tangu Jumatatu halijapanda tena. Wakata miti wametembea nalo hadi Mlimba kupanda treni, na wametutuma tuseme kwamba halitapanda mpaka wiki sita ziandikwe kuwa ndio mwisho wa zamu na waganga wawili waajiriwe.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Donati, mama yake mzazi, Mama Serafina, watoto watatu, Evarist, Edna na Rosemery, wajukuu wawili, ndugu watano, akiwemo msomaji wa wasifu huu, mdogo wake Ildefonce, na watu mia na kumi ambao damu yao bado iko mwilini mwao.

Kabla ya udongo, familia inamwomba mganga Steven asogee. Kalamu hii hapa, Steven. Tia sahihi.

Dada, umepokelewa. Shuka sasa kwenye dungu, upumzike kwa amani.