Bi. Lorraine Wojtas na Kiputo cha Mwenye Nyumba

Bi. Lorraine Wojtas, mwandika maneno wa jarida letu la katuni la Zohali, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Januari 2011, baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi. Uongozi umeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila mkono ni mzito.

Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno linalotoka midomoni mwa watu tunaowachora. Mwandishi huleta hadithi, mchoraji huchora kwa penseli, Lorraine huandika ndani ya viputo, kisha mimi, Curtis Dunleavy, hupiga wino.

Alipofika mwaka 1972, mhariri mkuu alikuwa marehemu Sol Adelstein, na Zohali alikuwa shujaa wa kuchekesha. Anakamata mhalifu, anarudi kwenye chumba chake cha kupanga Brooklyn, na mwenye nyumba wake, Bi. Pruchnik, anamgombeza kwa viatu vyenye matope. Waandishi hawakujisumbua kumtungia mama huyo maneno. Waliacha kiputo chake kitupu na kuandika pembeni kwamba ananung'unika. Sol akamwambia Lorraine, "Binti, jaza chochote humo. Nani anamsikiliza mwenye nyumba?"

Lorraine akamjaza humo mama yake mzazi. Stefania Wojtas alikuwa akipangisha vyumba Greenpoint, na alikuwa amezikwa majuma machache tu kabla ya hapo. Yote aliyokuwa akiwafokea wapangaji yakaingia kwenye kile kiputo. "Funga mlango! Baridi hailipi kodi hapa!" Wasomaji wakampenda Bi. Pruchnik kuliko hata shujaa mwenyewe. Sisi nasi Lorraine alitufokea hivyohivyo kila tulipoacha mlango wazi, kwa kuwa meza yake ilikuwa karibu nao. Ikawa desturi ya kampuni: wahariri walibadilika, lakini kiputo cha Bi. Pruchnik kiliachwa kitupu kwa ajili ya Lorraine.

Na walibadilika kweli. Kila mhariri mkuu huja na enzi yake, kama mpangaji anayepaka ukuta rangi kabla hajafungua mabegi. Hilda Brandvold alitaka Zohali aone umaskini na dawa za kulevya mitaani, basi Bi. Pruchnik akapokea wapangaji waliorudi kutoka vitani, wasiopata usingizi. Aliyemfuata Hilda alipenda giza na damu. Huyo alitaka mama auawe ili Zohali apate kisasi cha kulipiza. Lorraine alimfuata ofisini kwake. "Muue yeyote unayemtaka," alimwambia, "ila huyu nimeshamzika mara moja." Mama akapona.

Ikaja enzi ya majalada ya kung'aa, watu wakinunua nakala kumi na wasifungue hata moja, wakitumaini kuziuza ghali baadaye, mpaka maduka yakafungwa na nusu ya wenzetu wakaachishwa kazi. Zikaja kompyuta. Mwandiko wa Lorraine ukanakiliwa, ukageuzwa kuwa herufi za mashine. Alijifunza mashine hiyo akiwa ameshavuka hamsini, huku akiilaani kwa Kipolandi.

Sasa tunaye Brent Castellane. Septemba iliyopita alitutangazia kwamba jarida litaanza upya, kutoka toleo la kwanza, na kwamba hadithi zote za nyuma hazikutokea. Zohali mpya ni kijana anayeishi kwenye ghorofa la vioo, na hapangi kwa mtu. "Bi. Pruchnik hatumfuti," Brent alieleza kwa upole. "Hajawahi kuwepo tu."

Lorraine aliuliza, "Sasa mimi nilikuwa nafanya nini hapa muda wote huo?"

Ukurasa wa mwisho wa Zohali wa zamani ulimfikia mezani Oktoba. Shujaa anaondoka, mama amesimama mlangoni, na kiputo ni kitupu kama desturi. Lorraine alisogeza kompyuta pembeni, akachukua kalamu yake ya zamani. Alikaa na ukurasa ule kutwa nzima, hata chakula hakukigusa. Jioni akaniletea. "Curtis, nimesubiri wee," alisema. "Hasemi. Mama hasemi."

Tulikichapa kiputo kikiwa kitupu. Baadhi ya wasomaji walidhani ni kosa la kiwanda.

Mwandiko wake utaendelea kuonekana katika kila toleo, maana mashine inao. Utatumika kuandika maneno ya watu ambao Lorraine hatawajua. Najua ninapaswa kusema kwamba hiyo ni heshima kwake, lakini mimi inaniuma.

Asante, Lorraine, kwa soseji na kabichi za kila Krismasi, kwa makosa yetu uliyoyasahihisha kimyakimya, na kwa kutuazima mama yako. Huko Scranton kwa dada yako tunakuombea afya, usingizi mzuri, na macho ya kusoma unachokipenda mwenyewe. Meza yako iko tupu tangu ulipoanza likizo Jumatatu. Watu wanaingia na kutoka na kahawa zao, mlango wanauacha wazi, baridi inatupiga, na hakuna wa kutufokea.