Wijdan Shahwan na Kahawa ya Nyumbani kwa Mjumbe

Bi Wijdan Shahwan anastaafu tarehe 31 Julai 2019, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya itifaki miaka ishirini na mitano, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja nimezihesabu mimi, maana karani wa utumishi alitaka kuzitupa. Mimi ni Umm Jawad. Nilipika kahawa ofisini hapa miaka kumi na saba, na huyo Wijdan nimemzaa. Bi Lamis wa jarida la ofisi aliponiomba niandike, nilimwambia, "Mwanangu, mimi niliishia darasa la sita." Akanijibu, "Hajjat, wenye digrii wameleta mistari minne, na yote inasema alikuwa mchapakazi." Basi nikachukua kalamu.

Aliingia kazini mwaka 1994, ofisi ikiwa bado Yeriko, meza mbili na feni moja mbovu. Kifaransa alikipata kwa watawa, Kiingereza alikipata redioni, na adabu aliipata kwangu. Kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi, nani atangulie mlangoni, nani asisogezwe karibu na nani. Msione ni kazi ndogo. Nimeona mawaziri wazima, wenye wajukuu, wakinuniana kwa ajili ya kiti. Siku moja rais wa kigeni alikuwa amefika getini, na bendera ya nchi yake imetundikwa juu chini. Mwanangu alipanda kiti na viatu vyake virefu, akaigeuza, akashuka, akatoa mkono kumpokea mgeni bila hata kuhema. Nani mwingine angeweza? Watajeni.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwaka 2006, nao uliingia hadi jikoni kwangu. Wijdan alikuwa mtu wa chama cha zamani. Kaka yake Jawad, kifungua mimba wangu, alikuwa ameoa Gaza na akifanya kazi kwa mbunge wa chama kilichoshinda. Siku ya matokeo alipiga simu: "Mama, mwambie dada aanze kufungasha." Wijdan akasema kwa sauti ili asikike, "Mwambie huyo, kushinda kura na kuendesha nchi ni vitu viwili." Tangu hapo hawakusemezana ila kupitia kwangu. Nikawa mjumbe mimi, bila gari wala bendera.

Mataifa yakatufungia milango. Mwaka mzima kazi ya mwanangu ikawa kuwapitisha wageni mlango wa nyuma, wasije wakapeana mkono na waziri wa chama kilichoshinda. Kabla ya kila ziara walipiga simu kuuliza nani atakuwepo kwenye ukumbi. Alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya kula. Aliniambia, "Mama, leo nimemficha waziri wetu chumba cha mafaili, kama mgoni."

Mwaka 2007, milozi ilipokwisha kutoa maua, vyama vikakubaliana kuunda serikali ya umoja. Na katika makarani wa baraza jipya akateuliwa Jawad wangu, aje kukaa hapa Ramallah! Kilichobaki ni kibali cha askari wa mpakani ili atoke Gaza. Nacho, tuliambiwa na kila aliyetuzidi cheo, kingepatikana kama wageni wangekubali kufanya kazi na serikali yote, si nusu yake.

Wa kwanza kuombwa alikuwa mjumbe mmoja wa Ulaya, nchi yake siitaji. Alikataa kuja ofisini, akasema twende kwenye nyumba aliyopanga, mawaziri watatu tu, wale aliowakubali. Wijdan akaniambia, "Mama, twende ukapike wewe. Kahawa ya mashine haiwezi kubeba ombi zito hivi." Nikabeba dele langu la kahawa na iliki yangu.

Mnajua nyote, mtu akienda kwa mwenzake na haja, kuomba mchumba au kumaliza kisasi cha damu, kahawa haigusi. Anaiweka mezani, anasema haja yake, anangoja. Mwenye nyumba akisema "kunyweni kahawa yenu," haja imekubaliwa na neno halirudi nyuma. Basi Abu Raafat, waziri wetu mkongwe, akakiweka kikombe mezani, na wenzake wawili wakaweka. Akasema, "Mheshimiwa, tuna haja kwako. Tuchukue wote, na watu wetu wa Gaza wapite." Wijdan akatafsiri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

Mjumbe aliwatazama, akavitazama vikombe, akasema kitu kwa upole. Wijdan naye akavitazama. Kisha akatafsiri: "Anasema, kunyweni kahawa yenu, inapoa."

Abu Raafat alikimaliza kikombe kwa funda moja, machozi yakimtoka. "Mungu akuzidishie!" Wote wakanywa. Mimi nilipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio. Mjumbe akafurahi sana, nadhani alidhani tumeipenda kahawa.

Kwenye teksi nikampigia Jawad. "Njoo mwanangu, wamekunywa!"

"Nani kasema wanywe?"

"Mwenyewe, mwenye nyumba!"

"Basi hiyo imekwisha, mama. Nipe dada." Miezi kumi na minne hawakuwa wamesemezana. Nikamsikia anamwambia, "Ee mtu wa itifaki, umeniandalia kiti?"

"Kipo. Wewe lete samaki, na hotuba zako ziache hukohuko."

Wijdan akageukia dirishani, nami nikadhani analia kwa furaha.

Jawad alikaa kivukoni, kwenye geti la mpaka, siku tatu na begi na ndoo ya samaki kwenye barafu. Siku ya nne ikaja barua ya mjumbe, ukurasa na nusu: ataendelea kuonana na baadhi ya mawaziri, lakini na serikali yenyewe hapana. Wijdan aliisoma mbele ya Abu Raafat. Mzee akasema, "Lakini alituambia tunywe!"

"Aliona inapoa, mheshimiwa."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka isiwe hivyo."

Mzee hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Nisiwasingizie wageni kila kitu. Juni ya mwaka uleule watu wetu wenyewe walipigana risasi Gaza, na tukawa na serikali mbili, zote hazina nchi. Jawad hajavuka tangu hapo. Baba yake tumemzika yeye akisikiliza kwenye simu.

Kuhusu mafanikio: ni Wijdan aliyeweka utaratibu kwamba wageni wa kigeni wapewe kahawa mazungumzo yakishaisha, si kabla. Vijana wanadhani ni kwa ajili ya usafi wa meza. Amepanga viti vya mapatano ya vyama mara nne, na mara nne amevikunja. Faili la uchaguzi ujao analikabidhi likiwa kamili, na mpangilio wa meza za waangalizi umo. Kinachokosekana ni tarehe. Hajawahi kuchelewa kazini, ila pale kizuizi cha barabarani kilipofungwa, na hata siku hizo alipiga simu. Nyie mtampata wapi mwingine?

Alipokuwa ofisa wetu, kule Gaza walimwona jasusi, na askari wa kivukoni walimwona hatari. Sasa hana cheo. Ameshajaza fomu ya kuomba kwenda, na kwenye nafasi ya kazi ameandika "hakuna." Hii ni ya kwanza kwake, mimi nimejaza saba, nimekataliwa saba. Nilitaka kumwambia asijisumbue. Nikamwona ameipiga fomu pasi ili isiwe na mkunjo, nikamtafutia bahasha.

Wijdan binti yangu, ofisi inakushukuru, na mimi nakushukuru kwa niaba ya wale waliosahau. Wenzako wote wanakuombea afya na siku tulivu. Mimi nakuombea umwone kaka yako ningali hai, mkae meza moja mgombane.