Upepo Udondoke

Ubishi wa watu ni mtamu usipokuhusu. Mshonaji alikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi, akishona kifungo huku katega sikio. "Padi mpya za breki, diski mpya, lakini pedali inazama kama mguu kwenye tope," mmoja alilalamika. "Ulitoa upepo kwenye mabomba ya breki?" fundi makanika akamuuliza. "Mke wangu kakanyaga mpaka goti likavimba!" "Skrubu ya kutolea upepo iko juu?" "Chini. Kalipa ya kulia, ile inayobana diski, nimeifunga kushoto makusudi, upepo udondoke." "Upepo hupanda, ndugu yangu!" "Huo wa kwenu."

Mshonaji akainua macho. Mlalamikaji ndiye aliyeshika usukani. "Shusha!" akapiga kelele. "Nimekanyaga tangu sokoni, dada. Vuta subira."

Basi likapita kituo, likapanda mlima, likachoka, likarudi kinyumenyume hadi kituoni, likatulia. "Haya, fundi," dereva akatamba, "kasoro iko wapi?"