Kopo la Vidonge Katika Chumba cha Kola

Mgeni rasmi, meneja wetu, wasimamizi, na nyote mlioacha mashine zenu kwa muda huu,

KARIBU
Sisi wanawake wa chumba cha kola, katika kiwanda hiki cha kushona sare, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefurahi kukuona, ingawa nyuso zetu hazionyeshi. Utuwie radhi, tuna hofu.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Kola zetu zinasifika, na utani wetu pia. Lakini msimamizi akijua una mimba, mkataba wako haurefushwi. Kwa hiyo tukabuni kopo. Kila anayetoka kliniki humimina humo vidonge vyake vya kuongeza damu, bila pakiti, na kopo hukaa katikati ya makopo ya vifungo. Wakati wa chai kila mwenye mimba huchukua chake. Tulijiona wajanja kweli.

CHANGAMOTO
Vidonge ni vizuri, vimewasaidia wengi wetu. Kosa letu ni kuvifanya dawa ya kila kitu. Kizunguzungu, kopo. Uchovu, kopo. Mwezi uliopita mwenzetu tunayemwita Bingwa alivimba miguu mpaka viatu vikamkataa.

“Jamani, kichwa kinanigonga,” akasema, “na sindano naziona mbili.”

“Ongeza kimoja, shoga,” tukamjibu. “Ni damu tu hiyo.”

Akaongeza. Kabla ya zamu kuisha alianguka kando ya mashine yake, mwili ukikakamaa na povu likimtoka. Hospitali wakatuambia ni kifafa cha mimba, presha ilikuwa imepanda, na vidonge vile haviishushi. Bingwa yu hai. Mtoto tulimzika.

Tangu hapo tunatazamana miguu zaidi kuliko nyuso.

MAOMBI
Tunaomba ruhusa ya kwenda kliniki bila kujificha, mtu wa kutupima presha hapahapa, na mwenye mimba asipoteze kazi.

Ombi la mwisho tumeliandika asubuhi hii. Anayekusomea risala hii ni mjamzito. Kichwa kinamuuma tangu alfajiri, na maneno haya anayaona kwa ukungu. Tulimwombea ruhusa, tukaambiwa tungoje sherehe iishe. Geti halimfungukii mfanyakazi katikati ya zamu, lakini kwa gari lako litafunguka. Tunakuomba, mgeni rasmi, uondoke naye sasa, kabla ya hotuba yako.

Mungu awafikishe salama, wewe, yeye na aliye tumboni.

Ni sisi,
Wanawake wa Chumba cha Kola